Futi Saba

Chukua utepe wa fundi nguo upime futi 7, yaani mita 2.13. Kwenye bedsita nyingi za Nairobi, huo ndio umbali kutoka kitandani hadi kwenye jiko. Mtu mrefu akilala na kunyoosha mikono juu ya kichwa, ameumaliza. Sasa fikiria kwamba zaidi ya miaka 250 iliyopita fundi mmoja Mwingereza alichagua kipimo hicho ili kubana gharama, na kwamba kwa sababu ya uamuzi wake, familia baada ya familia zilizaa, zikapika, zikaugua na kuzeeka ndani ya chumba kisichozidi upana huo. Jina lake lilikuwa James Brindley. Alikuwa anajenga mfereji, na akilini mwake kulikuwa na maji, mawe na pesa.

Mimi nilikutana na kipimo hicho mwezi wa Aprili, katika kijiji cha Braunston, katikati ya Uingereza. Dada mmoja niliyesoma naye chuo, ambaye sasa ni nesi huko, alikuwa amepata likizo ya wiki moja. Akatuita watatu tukodi naye mashua. “Ni safari ya mwendo wa mguu,” alituandikia. “Msije na haraka zenu za Thika Road.”

Braunston iko juu ya kilima chenye kanisa lenye mnara mrefu uliochongoka. Chini ya kilima mifereji miwili inakutana. Mmoja ni wa Oxford, uliokamilika mwaka 1790. Mwingine ulichimbwa na kampuni ya Grand Junction ili kufupisha njia ya London, na leo unaitwa Grand Union. Kwa watu wa mashua, mahali hapa palikuwa kama Salgaa au Mlolongo palivyo kwa madereva wa malori: unapumzika, unatengeneza kilichoharibika, unapata habari za njiani na kujua nani amekufa.

Majira ya kuchipua ndiyo mwaka mpya wa mifereji. Kuanzia Novemba hadi Machi sehemu nyingi hufungwa ili mafundi wakaushe maji, wazibe nyufa na kubadilisha milango ya mti wa mwaloni. Mlango mmoja hudumu miaka 25 hivi. Aprili ikifika, njia zinafunguliwa. Tulipofika, kondoo walikuwa na watoto wadogo waliokuwa wakirukaruka malishoni, vichaka vilikuwa vimejaa maua meupe, na bata mzinga wa majini, yule mweupe mwenye shingo ndefu, alikuwa ameatamia mayai hatua chache kutoka tulipofunga kamba. Lakini usidanganywe na maua. Baridi ya asubuhi ilikuwa ya kuuma masikio, na kila mashua ilikuwa inatoa moshi kutoka kwenye bomba la jiko.

Yetu ilikuwa ya chuma, urefu wa mita 17. Upana ulikuwa mita 2.08, kwa sababu mashua ya kupita kwenye mlango wa futi 7 lazima iwe nyembamba kuliko mlango wenyewe. Ndani kila kitu kilikuwa kwenye mstari mmoja: vitanda, choo, jiko, meza, ngazi. Mwenyeji wetu aliingia, akageuka, akaangua kicheko. “Jamani, hii ni bedsita imelala chali!”

Mzee wa yadi ya mashua alitufundisha kwa saa moja. Injini ni ya dizeli. Unaiongoza ukiwa umesimama tezi, nyuma kabisa, ukishika kana, ule mkono wa usukani. Ukitaka omo iende kulia, unasukuma kana kushoto. Mashua haigeuki kama gari. Inajizungusha kwenye kiuno chake, kwa hiyo omo ikienda huku, tezi inafagia kule. Breki hakuna. Ukitaka kusimama, unaweka gia ya kurudi nyuma kisha unangoja kwa imani. Mwendo wa juu ulioruhusiwa ni kilomita 6.4 kwa saa, na ukipita mashua zilizofungwa ukingoni unapunguza zaidi, la sivyo maji unayoyasukuma yatazivuta kamba zao na kumwaga chai za watu. “Mkiona mtu anayetembeza mbwa amewapita,” alisema yule mzee, “mjue mnaenda sawasawa.”

Kabla hatujafungua kamba, wacha nikueleze kwa nini maji haya yako hapa.

Katikati ya karne ya 18 Uingereza ilikuwa na makaa ya mawe tele, lakini barabara zake zilikuwa matope. Farasi wa mizigo alibeba kilo 125 hivi mgongoni. Farasi huyohuyo, akifungwa kamba na kuvuta mashua juu ya maji yaliyotulia, aliweza kusogeza tani 30 akitembea tu. Hesabu hiyo ilimwingia kichwani Francis Egerton, Duke wa Bridgewater, kijana aliyemiliki migodi ya makaa pale Worsley, karibu na Manchester. Mwaka 1761 mfereji wake ulianza kazi. Pale Barton ulivuka Mto Irwell juu ya daraja la mawe lililobeba maji, mashua zikielea juu huku mashua nyingine zikipita mtoni chini yake. Watu walisafiri kwenda kutazama tu. Bei ya makaa mjini Manchester ilishuka karibu nusu.

Brindley ndiye aliyekuwa fundi wa Duke. Alizaliwa mwaka 1716 huko Derbyshire, akajifunza kazi ya kutengeneza vinu, na kuandika kwake kulikuwa kwa tabu. Inasimuliwa kwamba akikwama, alipanda kitandani akalala hata siku nzima mpaka jibu limjie. Ili mfereji usivuje, alitandika udongo wa mfinyanzi uliokandwa kwa maji na kukanyagwa, tabaka juu ya tabaka. Mahali pengine waliswaga ng'ombe wapite ndani yake ili kwato zifanye kazi hiyo. Yeyote aliyewahi kuona udongo wa kukandika nyumba ukikanyagwa kijijini anaijua teknolojia hii.

Kisha akaja Josiah Wedgwood, mfinyanzi wa Staffordshire, ambaye shida yake ilikuwa vyombo kuvunjika njiani. Julai 1766 yeye ndiye aliyekata bonge la kwanza la udongo wa mfereji wa Trent and Mersey, na Brindley akapewa uhandisi. Njiani kulikuwa na kilima cha Harecastle. Kukitoboa kulihitaji handaki la zaidi ya kilomita 2.6, na kila inchi ya upana ilikuwa pesa. Tena, juu ya kilima maji ni ya kuhesabu. Kila mashua inapoteremka, kiasi fulani cha maji hushuka nayo na hakirudi. Ukijenga pana, unamwaga zaidi. Brindley akaamua: handaki jembamba, malango ya futi 7, mashua ndefu kama matatu tatu kubwa zilizopangwa mkia kwa pua, lakini nyembamba kama ujia wa soko. Alikufa mwaka 1772. Handaki likamalizika 1777, baada ya miaka 11 ya kazi. Mifereji mingi ya katikati ya nchi ikaiga kipimo chake, maana mashua isiyoweza kuingia kwa jirani haina biashara.

Usifikirie kwamba mambo haya yalikuwa ya Waingereza peke yao. Manchester iliyopata makaa rahisi ndiyo iliyokuja kuwa mji wa viwanda vya pamba, na kwa miongo mingi pamba hiyo ililimwa na Waafrika waliofanywa watumwa huko Amerika. Wedgwood mwenyewe mwaka 1787 alitengeneza nishani yenye picha ya mtumwa aliyepiga magoti, mikono imefungwa minyororo, ikawa alama ya waliopinga biashara ya watumwa. Mfereji ulibeba mizigo ya watu wa kila dhamira. Baadaye, katika karne ya 20, Manchester ilikuwa miongoni mwa miji iliyochapisha leso za kuuzwa kwenye pwani yetu. Huenda bibi yako alijifunga moja.

Basi tukafungua kamba. Mbele yetu kulikuwa na loki sita za Braunston. Loki ni chumba cha maji chenye milango pande mbili, na kazi yake ni kuwa ngazi. Unaingiza mashua kwa chini, unafunga milango nyuma yake, kisha kwa mkono wa chuma wenye umbo la herufi L unazungusha gia inayoinua vifuniko vilivyo chini ya maji. Maji ya juu yanaingia yakinguruma, na mashua ya tani kadhaa inapanda taratibu kama mandazi kwenye mafuta. Maji yakilingana, unaegemeza mgongo kwenye boriti ya mlango wa juu na kusukuma. Hakuna umeme wala pampu. Tulipofika loki ya tatu tulikuwa tumevua majaketi.

Loki moja nyembamba hutumia zaidi ya lita 100,000 kila inapojazwa. Mtu wa South B anayengoja boza la lita 10,000 anaweza kujifanyia hesabu. Lakini hizi za Braunston zilikuwa pana, za futi 14, mashua mbili zinaingia bega kwa bega. Tuliingia pamoja na wazee wawili, mume na mke, na mbwa wao. Nikamwuliza yule bwana: kama loki ni pana hivi, kwa nini mashua zote ni nyembamba?

“Nenda Hillmorton,” alinijibu.

Hillmorton iko mbele kidogo kwenye mfereji wa Oxford, na pale loki ni za futi 7. Waliojenga Grand Junction waliwaza makubwa, wakajenga njia pana, lakini pana hiyo ilikuwa imeungwa na nyembamba. Mashua iliyotanuka isingefika mbali. Miaka ya 1930 kampuni ya Grand Union ilijaribu tena: ikajenga upya loki za kuelekea Birmingham kwa upana wa futi 14, zikafunguliwa kwa sherehe mwaka 1934. Mashua zikaendelea kuwa nyembamba. Uamuzi uliofanywa kwa ajili ya kilima kimoja cha Staffordshire ulikuwa umeshatawala nchi nzima.

Baada ya loki ya sita linakuja handaki la Braunston, lililofunguliwa mwaka 1796. Lina urefu wa mita 1,867 na lina kona kidogo, kwa kuwa waliochimba walipishana mwelekeo. Walichimba kwa sururu, koleo na baruti. Nilishika kana, tukawasha taa ya mbele, na mchana ukazimika nyuma yetu. Ndani kuna baridi ya kaburi. Matone yanakudondokea shingoni. Pale ambapo kuna tundu la hewa, nguzo ya mwanga inashuka kutoka juu ya kilima na maji yanashuka nayo. Hakuna njia ya miguu, kwa hiyo zamani farasi alifunguliwa akapelekwa juu ya kilima, mara nyingi na mtoto, huku watu wazima wakilala chali juu ya mashua na kuisukuma kwa kutembea ukutani. Hebu waza: tani 25 za makaa, gizani, na wewe unatembea umelala.

Ni mtoto yule anayenisumbua. Mwanzoni watu wa mashua walikuwa wanaume wenye nyumba nchi kavu. Kisha mwaka 1830 reli ya Liverpool na Manchester ikafunguliwa, na mwaka 1838 ile ya London na Birmingham. Ili kushindana, kampuni za mifereji zilishusha nauli za mizigo, na zilipozishusha, mapato ya wenye mashua yakashuka pia. Kodi ya nyumba ikawa haiwezekani. Mke na watoto wakahamia mashuani, na papo hapo wakawa wafanyakazi wasiolipwa.

Mzigo ulichukua karibu mashua yote. Familia ilipewa kijumba cha nyuma, urefu wa mita 3 hivi, upana wa mita 2. Humo kulikuwa na jiko la makaa, kabati ambalo mlango wake ukishushwa unakuwa meza, na kitanda kinachokunjwa mchana. Mtoto aliyeanza kutambaa alifungwa kamba juu ya paa asitumbukie. Aliyejua kutembea alitembea na farasi. Aliyekuwa na nguvu za kusukuma alifungua milango ya loki. Msemo wetu wa baharini unasema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa watu hawa ngama ilikuwa ya makaa. Wao walirejea kwenye kijumba hicho.

Shule ilikuwa siku moja hapa, siku mbili kule, kisha kamba inafunguliwa. Mtu mmoja aitwaye George Smith alipiga kelele kuhusu hali hiyo hadi Bunge likapitisha sheria mwaka 1877: kila mashua ya kuishi iandikishwe, na idadi ya watu wanaolala ndani iwekewe kikomo. Wakaguzi wakaanza kuja. Lakini mkagueje mtoto aliye Braunston leo na kesho kutwa yuko njiani kwenda London? Wengi walikua bila kusoma wala kuandika, ingawa walijua kila kona, kila loki na kila mwamba wa mamia ya kilomita.

Watu hao walipaka milango yao maua ya waridi na picha za makasri. Walining'iniza sahani zenye kingo za kamba kamba kama lesi. Madebe yao ya maji yalichorwa maua kiasi kwamba hadi leo yanaitwa kwa jina la Buckby, mahali tulipokuwa tunaelekea. Watalii huyaona mapambo haya kuwa ya kupendeza, na kweli yanapendeza. Mimi niliyaona nikakumbuka vibanda vya mabati nilivyowahi kuingia, vyenye vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono kwenye kila kiti. Mtu akipewa mita 6 za mraba kulea familia, atazifanya zimheshimu.

Wala hawakunyamaza. Agosti 1923 kampuni kubwa ya usafirishaji ya Fellows, Morton & Clayton ilipotaka kupunguza malipo, mashua zilifungwa hapo Braunston kwa mgomo wa wiki 14 hivi. Wengine wamezikwa kanisani pale juu ya kilima. Watu walioishi bila anwani, mwisho wao wamepata moja.

Usiku wa kwanza tulifunga kamba Norton Junction. Kesho yake tulishuka loki saba za Buckby, na hapo nilikutana na kitu ambacho vitabu vya historia vingehitaji sura nne kukieleza. Kuna pengo katikati ya vilima, na kila aliyewahi kutaka kupita katikati ya Uingereza amelitumia. Warumi walijenga barabara yao hapa, ambayo leo ni A5. Kando yake ukaja mfereji. Kisha ikaja reli ya Robert Stephenson ya mwaka 1838. Kisha barabara kuu ya M1, mwaka 1959. Zote zinakwenda sambamba. Ukiwa unasukuma mlango wa loki kwa mgongo, unasikia malori yakinguruma upande mmoja, na mara treni inapita karibu kilomita 200 kwa saa kabla hujageuza shingo.

Upana kati ya vyuma vya reli ile ni milimita 1,435. Baba yake Robert, George Stephenson, alikitoa kipimo hicho kwenye njia za mikokoteni ya makaa kaskazini mashariki mwa Uingereza. Sasa shika hapo. Ukipanda Madaraka Express kutoka Syokimau kwenda Mombasa, unapita juu ya kipimo hichohicho, milimita 1,435. Reli yetu ya kwanza, ile iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901, ilijengwa kwa upana wa mita 1. SGR ilipoanza mwaka 2017, reli mbili zikawa haziwezi kuzungumza, na mizigo ya kwenda Uganda ikabidi ihamishwe Naivasha kutoka behewa la upana mmoja hadi la upana mwingine. Hiyo ni Hillmorton yetu. Anayechora kipimo ofisini hufa, na wajukuu wa watu asiowajua wanaendelea kulipa.

Biashara ya mifereji haikufa siku moja. Mwaka 1948 serikali ilitaifisha sehemu kubwa. Majira ya baridi ya 1962 na 1963 maji yaliganda kwa wiki nyingi, mashua zikakwama kwenye barafu, na wateja waliohamia malori hawakurudi. Mwaka 1970 kazi moja ya mwisho ya kudumu, ya kupeleka makaa kwenye kiwanda cha jemu huko Southall, London, ikasimama. Watu ambao wazazi na mababu zao walizaliwa mashuani wakatafuta nyumba za ghorofa na kazi za viwandani.

Mifereji ingefukiwa. Mingi ilifukiwa. Iliyobaki ilipiganiwa na watu wa kawaida. Mhandisi mmoja, Tom Rolt, alikuwa ameishi kwenye mashua yake iliyoitwa Cressy na kuandika kitabu kuihusu mwaka 1944. Miaka miwili baadaye yeye na mwandishi Robert Aickman walianzisha chama cha kutetea njia za maji. Watu wakaanza kutumia wikendi zao kuzoa matope. Mfereji wa Stratford ulifunguliwa tena mwaka 1964 baada ya kuchimbuliwa na watu wa kujitolea, wanajeshi na hata wafungwa. Leo kuna kilomita 3,200 hivi chini ya shirika moja la hisani, na mashua zaidi ya 30,000 zina leseni.

Na si zote za likizo. Jioni ya siku ya pili tulifunga kamba nyuma ya mashua yenye baiskeli ya mtoto juu ya paa, magunia ya makaa, na paneli ya sola. Mama mwenye mashua alitoka kumwaga majivu, akatukuta tunahangaika na moto, akatupa vijiti vikavu. Tukampa chapati. Alituambia kwamba alihama nyumba ya kupanga kodi ilipopanda mara ya tatu, akanunua mashua kwa akiba yake yote. Hana mahali pa kudumu pa kuifunga. Kwa sheria ya mwaka 1995, asiye na mahali hapo haruhusiwi kukaa sehemu moja zaidi ya siku 14, isipokuwa kwa sababu ya msingi. Lazima aendelee na safari.

“Na shule?” mwenyeji wetu aliuliza.

“Shule haisogei,” alisema yule mama. “Ndiyo maana kuna baiskeli.” Mtoto alikuwa na miaka tisa. Wiki nyingine shule ilikuwa dakika tano, wiki nyingine dakika arubaini na tano, na mvua ikinyesha mama alimpeleka kwa basi.

Sheria hiyo ina mantiki yake. Bila kusogezana, kila ukingo ungejaa na hakuna ambaye angepita. Na mama yule hakuwa analia. Alisema anapenda kuamka na bata, anapenda kwamba hakuna wa kumgongea mlango tarehe tano. Lakini mimi nilikuwa nimeshinda siku mbili nikiwaza watoto wa mwaka 1877, na sasa mmoja alikuwa mbele yangu na sare ya shule, akila chapati kwa mikono miwili. Kilichowasukuma wale mashuani kilikuwa kodi ya nyumba. Kilichomsukuma huyu ni kodi ya nyumba. Tofauti ni kwamba wale walikuwa wanavutwa na kazi, na huyu anasukumwa na kalenda. Kijumba bado ni cha futi 7.

Usiku, wengine walipolala, nilimkuta mwenyeji wetu amekaa kwenye ngazi na simu yake. Alikuwa anatazama mashua zinazouzwa. Analipa karibu nusu ya mshahara wake kwa chumba kimoja kwenye nyumba ya watu watano, na sehemu ya nusu nyingine inakwenda nyumbani, Kisumu, kila mwezi. Alinionyesha moja ya mita 15. Nikamwuliza kama yule mama hakumtisha.

“Alinitisha,” alisema. “Lakini hata landilodi ananitisha.” Akanyoosha mikono yake yote miwili, ukuta huu na ukuta ule. Vidole karibu viguse pande zote. Akaishusha, akaendelea kusoma kuhusu leseni, bima na bei ya makaa ya kupashia joto, akiandika hesabu nyuma ya risiti.

Asubuhi barafu nyembamba ilikuwa juu ya paa. Baiskeli ya mtoto ilikuwa imeshaondoka. Tulizungusha injini, tukamsukuma omo kutoka ukingoni kwa upondo, na tukapita mashua ya jirani taratibu kabisa, ili maji yasitikise chai yake.